Mwingine wa Kumpeleka

Mama msusi alimaliza upande wa kushoto wa kichwa cha binti yake, akaingia ndani kuchukua uzi. Aliporudi barazani, upande wa kulia ulikuwa umeshasukwa.

Hakukuwa na mtu mwingine. Binti alikuwa palepale kwenye kigoda, mikono magotini, akitazama mbele. Mistari ilikuwa myembamba, imezunguka sikio kwa mtindo ambao mama yule, na ususi wake wote, hakuwahi kuuona.

"Nani kakusuka?"

"Si wewe, mama?"

Akamgusa utosini. Baridi, kama mtungi wa maji. Na tena, hakuwa amelia. Binti huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Twiga kwa urefu wake, alikuwa na kichwa chororo. Tangu utotoni akisukwa machozi humtiririka. Leo macho yalikuwa makavu.

Mama akajiambia mtoto amekua.

Tumseme kwa haki mama huyu. Warembo waliovishwa taji la mji ule walitoka mikononi mwake, mmoja baada ya mwingine. Aliwasuka, akawapaka, kisha akabaki nyuma ya jukwaa akiokota vibanio sakafuni wenzake wakipigiwa makofi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaja. Twiga alipotoa shingo ile na miguu ile, mama akaona zamu yake imefika. Shida ilikuwa Twiga mwenyewe. Alitembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Akiulizwa swali mbele za watu, maneno yalimkwama kooni. "Mama, mimi sitaki," alisema, na kila aliposema aliambiwa nyamaza.

Mazoezi ya shindano la urembo yalifanyika kwenye jumba la zamani la sinema. Jioni moja, wenzake wote wameshaondoka, Twiga alijikwaa kwenye viatu vya visigino virefu akaanguka kifudifudi jukwaani. Mama uvumilivu ukamwisha. Akasimama mbele ya viti vitupu, akapaza sauti: "Laiti ningekuwa na mwingine wa kumpeleka!"

Ukumbi ukamrudishia neno lake. Kisha, safu ya nyuma kabisa, kiti kimoja kikajikunja, pa! kama vinavyojikunja viti vile mtu akiinuka.

Kesho yake ndiyo ilikuwa asubuhi ya nywele.

Tangu hapo Twiga akawa mwingine. Aliteleza kama maji. Mwalimu wa mazoezi alimuuliza maswali ya majaribio, akajibu kwa sauti tulivu, tamu, hata mwalimu akasahau swali la pili. Mama alirudi nyumbani akiimba. Lakini nyumba ilianza kunuka maua yaliyosahaulika kwenye chupa ya maji, harufu tamu yenye uozo ndani yake, na ilikuwa kali zaidi pale alipopita binti.

Wa kwanza kusema alikuwa shangazi yake Twiga, dada wa marehemu baba, aliyeishi nao.

"Wifi, njoo," alinong'ona alasiri moja mlangoni pa chumba cha binti. "Usipige kelele. Sikiliza tu."

Twiga alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, midomo imefumbwa, anatabasamu, macho wazi bila kupepesa, na kutoka ndani ya koo lake, mbali, kama mtu anayeita akiwa chini ya kisima ambacho kimefunikwa na juu ya kifuniko wameketi watu wanaocheka, ikaja sauti ndogo, iliyokwama, iliyojikwaa kwenye kila neno, sauti ambayo wote wawili waliijua tangu ilipokuwa ikiomba maziwa: "Sha... shangazi. Ni... nifungulie."

Shangazi hakungoja ruhusa. Jioni ileile alimleta mganga, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Mganga alimtazama binti, akanusa hewa, akawavuta wakubwa jikoni.

"Ni mgeni, bado hajaijua nyumba na vyumba vyake. Leo nikimwambia toka, atatoka."

Mama akatazama sakafu. "Fainali ni Jumamosi," alisema polepole. "Je, baada ya Jumamosi?"

"Wifi!" Shangazi akashika kifua. "Mtoto analia mle ndani!"

"Siku chache tu. Kwani atakufa?"

Mganga akafunga mkoba wake. "Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu atakupa wewe jembe, mama. Haya. Mwenye mtoto ni wewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi milangoni. Twiga alipotokea, watu walinyamaza kwanza, ndipo wakapiga makofi. Walipomvisha taji na kumuuliza anamshukuru nani, alimtafuta mama yake kwa macho mpaka akampata.

"Namshukuru mama yangu. Yeye ndiye aliyeniita."

Watu wakashangilia. Walidhani ni maneno ya mapenzi. Mama, aliyeyaelewa, naye alipiga makofi.

Jumapili mganga alifukiza ubani chumbani, akamlaza binti kwenye mkeka, akamwekea kiganja kifuani. "Usiye mwenye nyumba, toka!" Mwili ukajikunja, kuta zikagongwa, ile harufu ikapanda hadi shangazi akatapika, na katikati ya yote hayo ikapita sauti moja, nyembamba, iliyotoka puani mwa binti na kupita kati yao na kuvuka dirisha na kufifia juu ya mabati ya jirani, isisikike tena. Kisha kimya. Hewa ikawa safi. Binti akaketi, akaomba maji. Mama alimshika mkono. Ulikuwa wa moto, mkono wa mtu.

"Mwanangu?"

"Abee, mama."

Mama akamkumbatia akilia. Alimsindikiza mganga hadi nje, akamshukuru mara nyingi, lakini mganga hakuupokea mkono wake.

"Niliita mgeni," alisema. "Ametoka aliyejiona mgeni. Ametoka akilia."

"Si ndivyo wanavyotoka?"

"Wale hawalii, mama."

Akaenda zake. Shangazi, aliyesikia kila neno, aliingia chumbani kwake akaanza kufungasha nguo. Mama alibaki mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Mama," ikaita sauti kutoka ndani, tulivu, tamu. "Shindano la taifa ni mwezi gani?"

Mama akaliachia komeo. Halafu akajifuta uso kwa upindo wa nguo yake, akarudi ndani, akamjibu.