Ukindu Mwekundu wa Mwajabu

Ndugu zangu wa mtaa, mlio na watoto na mnaowatarajia, sogeeni. Nina kisa cha mwanamke aliyemwonea jirani wivu kwa ajili ya mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele huko sioni nafasi.

Ilikuwa Bagamoyo, mtaa wa Dunda, miaka ile kabla Mdachi hajapandisha bendera yake. Mji ulijaa wapagazi wa bara, na kila tajiri aliyeuza pembe mbili tatu za ndovu alitaka nyumba ya mawe. Lakini uchochoroni asubuhi zilikuwa tulivu. Mchi ulisikika huku, jogoo kule, na mbele ya nyumba ya Bi Kibibi watoto saba walicheza mchangani.

Bi Kibibi alikuwa msusi wa mikeka, mtu mzima wa makamo, na Mungu hakumjaalia mtoto. Kila siku aliketi barazani na kazi yake, na watoto wa majirani walimjia wenyewe kama kuku walioona mtama. Alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alifungwa mkononi ukindu, jani kavu la kusukia mikeka, wa rangi yake, na ukindu mwingine wa rangi ileile ukachomekwa ukingoni mwa mkeka. Mtoto akiitwa kwao aliurudisha wa mkononi, na Bi Kibibi akauchomoa wa mkekani. Hivyo hakuhangaika kuhesabu vichwa vinavyokimbia. Alitazama mkeka tu, akajua nani bado yuko juu yake.

Mtaa mzima ulimshukuru, ila mtu mmoja.

Mtu huyo ni Mwanamkasi, mke wa Mbaruku mkulima, aliyekaa nyumba ya pili. Mimba tatu zilimharibikia kabla ya kumpata Mwajabu, binti yake wa pekee, aliyekuwa na miaka mitano. Mwajabu ndiye aliyevaa ukindu mwekundu. Na kila akirudi kula alirudi na habari.

"Mama, Bi Kibibi akinisuka nywele siumii."

"Kula."

"Mama, kwa nini wewe huimbi ukiosha vyungu? Bi Kibibi anaimba."

Mwanamkasi alitafuna kila neno pamoja na muhogo, na muhogo peke yake ndio ulioshuka.

Kilichomchoma zaidi ni siku Mwajabu alipoanguka akachubuka goti, mbele ya mlango wao wenyewe. Mama alifungua mikono. Mtoto akampita mbio, akaenda kulilia mapajani mwa Bi Kibibi. Mwanamkasi akabaki na mikono yake hewani, akajifanya anakung'uta kaniki.

Alimwendea mumewe. "Yule mwanamke ana kijicho. Hana wake, anamla wangu kwa macho."

Mbaruku alikuwa akinoa jembe. "Kijicho kipo, mke wangu. Naona kimehamia upande wetu."

"Unamtetea."

"Sijamtetea mtu. Nauliza chakula."

Basi Mbaruku alipokwenda shambani kwake njia ya Kiwangwa kulala siku chache, Mwanamkasi alichukua kisu akaukata ukindu mkononi mwa mtoto.

"Wewe si mbuzi wa mtu hata ufungwe kamba. Barazani kwake usikanyage tena. Kacheze nyuma."

"Na nani?"

"Na mchanga. Mchanga hauna kijicho."

Sasa jamani, huko nyuma kulikuwa na nini? Kulikuwa na kiwanja cha Nasor, mfanyabiashara wa pembe, aliyekuwa akijenga nyumba ya ghorofa. Fundi wake Mrisho alichimba shimo, akatia chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, akaimwagia maji, akaifunika jamvi ili upepo usiipeperushe. Chokaa ya namna hiyo ni kama uji wa mgeni mwenye pupa: juu umetulia, chini unaunguza. Mwanamkasi alilijua shimo hilo vizuri, maana alilipita kila alipokwenda kutupa taka. Lakini tangu alipoukata ukindu alikuwa akiketi dirishani na mbuzi yake ya kukunia nazi, akichungulia baraza ya jirani, aone kama Bi Kibibi atahuzunika. Mungu alimpa macho mawili, na yote mawili aliyapeleka kumchunga mtu mzima.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Bi Kibibi alisuka kama kawaida. Ila ukindu mwekundu aliuacha mkekani, kwa kuwa mwenziwe hakurudishwa. Naye akisuka alimsikia Mwajabu nyuma ya nyumba akijiimbia peke yake.

Siku ya tatu, kwenye adhana ya alasiri, mafundi waliacha kazi wakaenda msikitini. Watoto wakaanza kurudisha kindu zao. Bi Kibibi akachomoa sita. Wa saba ukabaki umesimama, na akatega sikio. Kule nyuma kulikuwa kimya.

Akainuka.

"Hodi, Mama Mwajabu."

Mwanamkasi alifurahi moyoni. Amekuja kuomba, akajiambia. "Shikamoo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetupa ganda la ndizi.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Kwao. Mtoto ana kwao, Bi Kibibi, kama ulisahau."

"Nimemsikia akiimba tangu asubuhi. Sasa simsikii."

"Amelala ndani."

Hakuwa amelala ndani. Mwanamkasi hakujua mtoto alipo. Lakini kusema "sijui" mbele ya mwanamke yule kulimshinda. Angalimeza kifuu cha nazi kwanza.

"Nionyeshe japo unyayo wake," Bi Kibibi akasema, "niende zangu."

"Zaa wako, umtazame unyayo."

Neno likatoka, likasimama baina yao. "Nimelisikia," Bi Kibibi akasema. "Utalirudia kesho, nikiwa na nafasi." Akageuka, akaizunguka nyumba, akaenda nyuma.

Jamvi lilikuwa limebonyea katikati. Pembeni palionekana vidole vidogo vimeling'ang'ania, na uso mweupe kama wa pepo. Mwajabu alikuwa ndani ya chokaa hadi mapajani. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, lakini adhana ilikuwa inaita, watoto wakiagana barazani kwa kelele, na mbuzi ya nazi ikikwaruza, nani angesikia? Bi Kibibi akalala kifudifudi, akatumbukiza mikono yote miwili, akamvuta.

"Mwanamkasi, maji."

Mwanamkasi alitoka na mtungi, akamwona mtoto, akauacha mtungi uanguke. Watoto wakamkimbilia Mrisho, naye akaja mbio kutoka msikitini, mikono ikitiririka maji ya udhu. "Maji mengi," akasema. "Msimfute, mwagieni tu. Mwagieni." Mitungi ya mtaa mzima ikamalizikia pale. Wenye mitungi ya kunywa na wenye mitungi ya kufulia, hakuna aliyeuliza.

Mwajabu hakufa, Alhamdulillahi. Lakini ngozi ya miguu ilitoka, na alilala kitandani siku arobaini, akipakwa mafuta ya nazi. Mguu wa kushoto vidole vilishikana, akachechemea maisha yake yote. Mbaruku aliporudi alisimama mlangoni, akatazama, na siku hiyo hakuwa na mzaha. Alisema tu, "Ulikuwa wapi?" Mkewe akaitazama mbuzi ya nazi dirishani, kwa maana alikuwa palepale.

Na mikono ya Bi Kibibi? Viganja viliungua, vidole vikakakamaa. Msusi wa mikeka bila vidole. Watoto walikuja barazani kama kawaida, lakini mkeka ulibaki umekunjwa, na ukindu mwekundu umechomoza.

Siku ya arobaini na moja Mwanamkasi alimbeba bintiye mgongoni, akavuka uchochoro, akamweka barazani. Akafungua pindo la kaniki. Ndani mlikuwa na ule ukindu alioukata.

"Shikamoo, Bi Kibibi," akasema, na safari hii aliinama. "Nimekuja kuurudisha."

"Marahaba. Mimi siwezi kuuchomoa mwenziwe. Vidole havina nguvu." Bi Kibibi akamtazama mtoto. "Basi mfunge tu tena. Mfunge wewe."

Mwanamkasi akaufunga kwa fundo, pale alipoukata. Mwajabu akautazama mkono wake, kisha akamwegemea mama yake, na hakuomba kwenda popote.

"Lile neno langu," Mwanamkasi akaanza.

"Nilikwambia utalirudia kesho."

"Kesho ilipita zamani."

"Basi lilipita nayo. Keti. Shika kazi hii uwe vidole, mimi nitakuwa macho."

Mkeka wa kwanza wa Mwanamkasi ulikwenda upande kama mlevi, na Bi Kibibi alimwambia aufumue mara nne. Lakini barazani pale tangu siku hiyo palikuwa na watu wazima wawili, na kila alasiri walizihesabu kindu pamoja.

Mafunzo

Ndugu zangu, mtoto kucheza ni haki yake, lakini asicheze nje pasipo jicho la mtu mzima. Na jicho liwe juu yake, lisiwe juu ya jirani. Kabla hujamwambia "kacheze huko," nenda wewe kwanza ukapaone huko kuna nini: shimo, kisima, au moto uliofunikwa majivu. Ukiulizwa mtoto yuko wapi nawe hujui, sema hujui, upesi, hata kama anayeuliza ni mtu usiyempenda. Aibu ya neno hilo hupoa kabla ya chai. Na mtoto akipendwa na nyumba mbili, mama hapungukiwi kitu, amepata mchungaji wa bure.

Mwanamkasi alihofia kijicho cha jirani, kumbe chake ndicho kilichompeleka mwanawe shimoni.

Sasa msinishukuru kwanza. Tangu nianze kusema mmeketi hapa mnanitazama mimi. Wa kwenu yuko wapi?