Koko Adolphine na Ukuta Mpya

Bati zilizofungwa nyuma ya pikipiki nusura zimkate Elodie mkono, katikati ya soko la Kasuku. Kijana aliyekuwa akizishikilia aliruka chini, akasimama kati ya Elodie na makali yale.

"Pole, mama. Umeumia?"

"Mama gani? Nilikuzaa?" Elodie alikung'uta kitenge chake cha njano, akacheka.

Kijana aliitwa Ngeleka. Alikuwa na kampuni ndogo ya ujenzi, yeye na waashi wachache. Elodie alitunza kurasa za Facebook za wafanyabiashara wa mji. Bati zilikuwa za bibi mmoja mjane wa Mikelenge, aliyeitwa na wote Koko Adolphine, aliyebomolewa nyumba na mvua.

Jioni, kwenye simu, Elodie alishangaa. "Unamjengea bure, na hakuna anayejua? Watu wakiona moyo wa kampuni, watakuletea kazi. Niachie mimi, sheri."

"Umeniita mpenzi?"

"Umesikia vizuri."

Tangu hapo Ngeleka alikoroga simenti akitabasamu peke yake. Kisha Elodie akaweka picha kwenye ukurasa mpya wa kampuni: Koko Adolphine ameketi kwenye tope, nguo imechanika, na juu yake maneno, "Tunasaidia maskini." Watu wengi walisifu. Ngeleka akapiga simu.

"Toa ile picha!"

"Lakini watu wanakupenda, Ngele!"

"Wakati wa vita mama yangu alikufa njiani. Huyu koko alinibeba mgongoni porini, njia yote ya Lubutu. Muhogo alinipa mimi, yeye akanywa maji. Leo umemuonyesha kama muombaji!"

Akakata.

Elodie aliitoa picha, akalia, akapanda pikipiki hadi Mikelenge. Alipiga magoti mbele ya bibi yule.

"Koko, nisamehe. Sikukuuliza."

"Ungeniuliza, ningevaa." Koko Adolphine alimwinua, akampangusa magoti kwa upindo wa kitenge chake. "Ngoja."

Aliingia jikoni, akatoka amevaa kitenge cha kanisani, kilemba kimesimama. Kiti alikikataa. Akasimama na waashi mbele ya ukuta mpya, Elodie akarekodi.

"Huyu fundi nilimulea mimi," aliwaambia watazamaji. "Hawa wenzake ninawapikia sombe kila siku. Hii nyumba tunajenga pamoja."

Ngeleka aliiona video akiwa dukani ananunua misumari. Alifika Mikelenge anahema.

"Elodie, nilikukatia simu vibaya."

"Na mimi nilimwanika koko wako. Chini ya video niandike nini sasa? Sema wewe mwenye kampuni."

"Andika kwamba wajomba zangu watapiga hodi kwenu Jumapili."

Elodie alishusha simu. "Hilo haliandikwi Facebook."

"Basi mujibu kwa mudomo, mutoto!" Koko Adolphine alipaza sauti kutoka jikoni.

Elodie alificha uso kwa mikono, akamchungulia Ngeleka kati ya vidole.

"Waje Jumamosi," alisema. "Jumapili iko mbali."