Saa Nyeusi na Viatu vya Paulin

Papa Ruben Mbuyi alifungua kasha mbele ya sebule nzima, na ndani mlikuwa na saa moja tu.

Watu walikuwa wameitwa kuona mbili. Jumapili ile nyumba yake ya Lubumbashi ilijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa jirani, kwa sababu Papa Ruben, muuza vipuri vya magari na mwenye mkusanyiko wa saa tisa za kifahari, alikuwa anachagua ya kumi. Zilikuwa saa mbili za wapiga mbizi, zote za Uswisi, moja yenye uso mweusi, nyingine wa buluu. Zililetwa kutoka Dubai na Paulin, kijana aliyekuwa akimchumbia binti yake Kiki. Mwenye duka alimwamini Paulin nazo kwa makubaliano: Papa achague moja, nyingine irudi. Wiki nzima watu walikuwa wamegawanyika, hawa wa nyeusi, hawa wa buluu, na wanaume wasiojua hata kuogelea wakawa wanabishana juu ya saa kuhimili mita mia tatu chini ya maji.

"Sasa nyeusi iko wapi?" aliuliza Dédé, binamu ya Papa Ruben, mtu wa kucheka hata msibani. "Imeshapiga mbizi?"

Papa Ruben akajiketisha taratibu. "Baliiba," alisema. "Saa sita niliziona zote mbili."

Karibu na dirisha alikaa Inspekta Chishimba. Alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi, lakini watu bado walimwita Inspekta, naye hakuwahi kuwakataza. Alipenda nyumba yenye watu wengi na maneno mengi, ndiyo maana hakosi mwaliko. Aliweka glasi yake chini, akasimama, akaamuru lango lifungwe. Alisikia sauti yake ya kazini ikirudi kooni, na hili ndilo litakalomchoma baadaye: aliifurahia.

"Kasha lilikuwa wapi, Papa Ruben?"

"Mu biro yangu, kule nyuma," alisema, akielekeza kidole kwenye ofisi yake. " Juu ya meza."

"Nani aliingia?"

Papa Ruben alitazama zulia. "Dédé aliingia kutafuta kifungulio cha chupa. Na huyu mutoto, Paulin. Alikaa mule peke yake, ananingojea."

Dédé hakungoja kuambiwa. Alipindua mifuko yake mwenyewe: kitambaa cha mkononi, vizibo viwili vya bia na chingamu iliyokwisha tafunwa. "Hiyo chingamu unirudishie, Inspekta. Bado iko na utamu."

"Dédé hakuiba," alisema Mama Delphine, mke wa Papa Ruben. "Nilisimama ku mulango mpaka alitoka. Mi namujua."

"Asante, shemeji. Unaniheshimu sana," alijibu Dédé, na watu wakacheka.

Chishimba akamgeukia Paulin. Kijana alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, kama inavyompasa mtu aliye mbele ya wakwe zake.

"Uliingia biro saa gani?"

"Saa saba, nilipofika tu kutoka kuimba kwaya kule Katuba, Papa Inspekta. Papa njo aliniambia nikae mule."

"Uligusa kasha?"

"Hapana. Mi niko mukwe hapa. Siwezi kugusa kitu ya Papa kama haniambie."

"Hata kuangalia kidogo?"

"Ni mi niliileta. Nilishaiangalia mpaka nikachoka."

Kicheko kingine kikapita sebuleni, na hicho kikamkera Chishimba, kwa sababu hakikuwa upande wake. "Toa mifuko," alisema. Mifuko ilitoa simu na leso. "Sasa vua viatu."

Mchumba katika nyumba kama ile hata kutafuna mbele ya mama wa msichana hutafuna kwa kujificha, na Mama Delphine alikuwa amesimama pale pale. Paulin alimtazama Papa Ruben. Neno moja tu la mzee lingetosha. Papa Ruben aliendelea kulisoma zulia.

Paulin akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia nje. Mama Delphine aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa pindo la kikwembe chake cha kitenge. Chishimba alikung'uta viatu, kimoja baada ya kingine. Havikuwa na kitu.

"Unaweza kuvaa," alisema.

Paulin hakuvaa. Aliviruka viatu vyake, akatoka hadi barazani, akakaa ameupa mlango mgongo. Viatu vikabaki katikati ya sebule, na hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

"Papa Inspekta, umepata nini?" Kiki aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado tunatafuta."

"Mi nauliza umepata nini."

Chishimba alikwenda kuikagua ofisi ile ya nyuma, kwa sababu huko hakukuwa na macho ya mtu. Dirisha lilikuwa na nondo, na vumbi la nondo halikuwa limeguswa. Mlango haukuvunjwa. Juu ya meza palikuwa na alama ya kasha, na chini, karibu na mguu wa kiti, punje tatu za mchele mbichi. Aliokota moja, akaiviringisha kati ya vidole, akaitupa. Kabati la chini hakulifungua. Nani anapekua kabati la mtu aliyeibiwa?

Aliporudi, Mama Delphine alikuwa amekwisha kuamua kwamba wizi ni wizi na chakula ni chakula. Bukari, ugali wa kwao, ilifuka mvuke mezani, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu wa Pweto. Kiki alipita na beseni na jagi, akianza na wazee. Alipommiminia Chishimba maji, alimtazama mikono tu. Chishimba alinawa na saa yake ya bei rahisi ikiwa mkononi, kama alivyonawa miaka yote.

Kisha beseni likafika kwa Papa Ruben. Alikuwa ameivaa ile ya buluu, kwa kusema kwamba asipoivaa nayo itaondoka. Papa Ruben akaifungua mkanda, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko, akahakikisha kwa kidole. Ndipo akanawa.

Chishimba alimega tonge la kwanza, akameza. La pili akalirudisha katika sahani.

Alhamisi iliyopita, mbele ya watu wale wale, Papa Ruben alikuwa amesema kwamba mtu anayevua saa ya mbizi ili anawe mikono ni sawa na mtu anayevua koti la mvua kwa sababu mvua inanyesha. Walikuwa wamecheka mpaka wakashika mbavu. Sasa mtu huyo huyo ameogopa vikombe viwili vya maji.

"Mama Delphine," Chishimba aliuliza, "leo umepika muchele pia?"

"Muchele wapi? Ule niliweka kwa ubatizo. Kumbe kuna muntu alifungua mufuko wangu. Na kopo yangu ya biskuti siioni. Niliona vile tulipotoka misa, ku kanisa ya Katuba."

"Nani alibaki hapa wakati wa misa?"

"Papa, peke yake. Alisema anabaki kuchagua."

Chishimba aliendelea kukitazama chakula chake. Mjini mle hakuna nyumba isiyojua dawa ya simu iliyoanguka majini: unaizika ndani ya mchele mbichi, unangoja, unaomba Mungu. Yeye mwenyewe alikwisha fanya hivyo mara mbili. Na bado alikuwa ameiviringisha ile punje, akaitupa. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Njia ya kwenda mlangoni ilipitia kwenye viatu vile, na akavikwepa kama mtu anayekwepa maiti.

"Papa Ruben, njoo kidogo."

Ofisini, alifunga mlango. "Fungua kabati."

"Kabati yangu?"

"Yako."

Papa Ruben alisimama kitambo, mkono juu ya mfuko wa shati. Kisha akainama, akatoa kopo la biskuti, akalikabidhi bila kuambiwa tena. Chishimba alipenyeza vidole katika mchele. Saa nyeusi ilitoka na punje zimeishikilia, na kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani kama dirisha la gari wakati wa mvua. Mishale ilikuwa imesimama saa nne na nusu.

"Nilitaka kubaonyesha bantu," alisema Papa Ruben. "Nitie zote mbili mu beseni, mbele yenu, njo nichague. Asubui nikajaribu kwanza peke yangu, na hii nyeusi. Nilikuwa nimevuta kile kifungo cha pembeni, nirekebishe majira. Kinafungwaka kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Sikukifunga. Mi, bananiitaka Prezida wa saa. Mi njo nabafundishaka bengine."

"Ungesema."

"Niseme nini? Kama nimezamisha saa ya mita mia tatu mu beseni ya kufulia? Dédé angenicheka mpaka anizike."

"Na Paulin?"

"Nilizania batatafuta kidogo, bachoke. Sikujua utamuvua viatu."

"Ulikuwa pale, Papa Ruben. Alikuangalia wewe."

"Na wewe," Papa Ruben alisema polepole, "mbona hukuniuliza mimi kitu, hata kimoja? Ulinisikiliza tu."

Ilikuwa kweli, na ilimpata Chishimba mahali pasipo na ngao. Miaka yote ya kazi, na bado alianzia kwa mdogo na kuishia kwa mdogo.

"Tuseme imeonekana chini ya kiti," Papa Ruben alinong'ona. "Iishe, ndugu yangu. Kwako pia itakuwa vizuri."

Chishimba alitaka sana. Kwa pumzi mbili tatu alilishika kopo lile na kuitaka njia hiyo kwa moyo wote. Lakini dirisha lilitazama barazani, na pale alimwona Paulin mgongo, na Kiki amekaa kando yake sakafuni. Kiki naye alikuwa amevua viatu.

"Tulimuvua mbele ya bantu," alisema Chishimba. "Tutamuvalisha mbele ya bantu."

Waliingia sebuleni na kopo. Chishimba aliita barazani, "Paulin, sikia na wewe," kisha akaeleza bila madoido: punje za mchele, mfuko uliofunguliwa, mzee aliyeogopa beseni. Akainua saa nyeusi watu waone mishale. "Ilikufa saa nne na nusu. Saa nne na nusu Paulin alikuwa Katuba, anaimba kwaya, na Mama Delphine alikuwa anamuangalia. Mwizi hayuko. Hakukuwa na mwizi." Akamgeukia Papa Ruben. "Yaliyobaki ni ya mwenye nyumba."

Papa Ruben alisema yote. Alisema beseni, alisema kifungo, alisema uongo wake wa saa sita. Sauti yake ilipungua kila sentensi, na alipomaliza alimtazama Dédé, akingoja. Dédé hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo lilimuumiza Papa Ruben kuliko kicheko chochote.

Chishimba akaokota kiatu kimoja. Alipogeuka, Papa Ruben alikuwa ameshika cha pili, kopo lenye saa likiwa kwapani. Baba wa msichana amebeba kiatu cha mkwe: wanawake waliangalia pembeni kwa huruma. Walitoka hadi barazani, wazee wawili, wakaviweka mbele ya miguu ya Paulin. Magoti ya Chishimba yalilia alipoinama.

"Mutoto yangu, nilikosa," alisema Chishimba.

Paulin alikuwa anatazama lango. "Papa," aliuliza hatimaye, bila kugeuka, "umechagua ipi?"

Ndilo swali lililojaza nyumba ile tangu asubuhi. Papa Ruben alilitazama kopo kwapani mwake.

"Hii," alisema. "Nyeusi."

"Basi buluu inarudi kwa mwenyewe."

Papa Ruben alifungua mfuko wa shati, akaitoa, akaiweka katika kiganja kilichonyooshwa. Paulin aliigeuza, akakagua kile kifungo cha pembeni, akakikaza. Kisha akavaa kiatu cha kulia. Cha kushoto alikishika tu, soksi yenye tundu ikiwa wazi mbele yao wote, kama mtu ambaye bado hajui kama anavaa ili akae au ili aende.

Ndani, sauti ya Mama Delphine ilipanda. "Kiki, chakula ya mukwe wangu imepoa. Kuja upashe moto."

Kiki hakuinuka. Alimtazama Paulin, akangoja.

"Enda upashe," Paulin alimwambia, akaingiza mguu. Chishimba alikuwa bado ameinama, akakiona kidole kile kikipotea ndani ya kiatu, kisha mikono ya kijana ikifunga kamba kwa utaratibu. Chishimba hakuinua kichwa. Hakuwa na uso wa kuinua.