Pumzi Ukumbini

Haya yalimpata rafiki yangu Maulida. Muziki uliporudi mjini Sumbawanga baada ya korona, ukumbi wetu ulishageuzwa ghala la mahindi, madirisha yamezibwa kwa matofali. Evodia, aliyekuwa akiimba naye, alikufa wakati wa korona akitafuta pumzi. Watu walisema ni mafua tu, akazikwa upesi bila hata wimbo. Mchana wa tamasha la kwanza, lililopangwa humohumo ghalani, Maulida alikwenda kujaribu maiki, aone kama ataweza kuimba peke yake.

"Dada, mwambie mwenzio asiheme kwenye maiki!" alifoka Ridhiwani, fundi mitambo.

"Mwenzangu yupi? Niko peke yangu."

"Acha utani bwana."

Mara umeme ukakatika, giza likajaa. Maulida akafumba mdomo, akabana pumzi. Spika zikaendelea kuhema, kwa shida, kama mtu anayejikaza aimbe.