Sauti Ndani ya Ndoo

Kila asubuhi msusi alifungua mlango wa chumba cha mbele, akapanga vitana vyake, akawasha redio, kisha akaita, "Filimbi! Ndoo!"

Filimbi alikuwa mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitano. Jina hilo alipewa na wateja wa mama yake. Tangu utotoni alipenda kuimba huku akichota maji, na sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Wateja walimwomba aimbe wakati wanasukwa, maana kusukwa kunauma, na wimbo humsahaulisha mtu kichwa chake.

Nyumba ile haikujua kusema polepole. Msusi aliita kutoka chumba cha mbele. Mumewe, ambaye ni seremala, aliitikia kutoka uani huku msumeno ukilia. Redio nayo ilipiga kelele katikati yao. Mpita njia angedhani wanagombana, kumbe wanaulizana chumvi iko wapi.

Asubuhi moja msusi aliita, na ndoo haikuja. Mteja alikuwa ameinamia karai, povu limemjaa mpaka masikioni.

"Filimbi! Unaniaibisha!"

Kijana akaja mbio na ndoo. "Nisamehe, mama," akasema.

Msusi aligeuka kutazama nani amesema. Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza kama meza inayoburutwa sakafuni.

"We, una mafua?"

"Hapana, mama."

"Basi umekula nini?"

"Sijala kitu."

Mteja akacheka ndani ya povu. "Mwache, mwenzangu. Ndiyo anakuwa mwanaume huyo."

Seremala naye alisema hivyo hivyo. "Hata mimi sauti ilinigeuka. Siku moja nilibisha hodi nyumbani, mama yangu akanijibu kwamba mwenye nyumba hayupo."

Msusi alicheka, lakini hakuridhika. Yeye alikuwa mtu wa kupenda kujua. Akiona nywele zinakatika, hatulii mpaka ajue zimepakwa nini. Sasa akaanza kutega sikio, akagundua jambo la ajabu. Mtoto wa mwenye duka naye alikuwa anakwaruza. Wasichana wawili waliokuja kusukwa, ndugu wa tumbo moja, nao walikuwa wanakwaruza. Ilikuwa kana kwamba watoto wote wa mtaa wameota kutu kooni.

"Hivi nyie mna nini?" akamuuliza yule mkubwa.

"Ndiyo staili, mama. Kokoto anaimba hivi."

"Kokoto ndiye nani?"

Msichana akamtazama kama mtu aliyeuliza jua ni nini. "Mama! Kila redio inampiga. Hata hiyo yako, sasa hivi."

Msusi akaisikiliza redio yake mwenyewe. Kweli, palikuwa na mtu humo, sauti yake kama anasaga mawe, na ngoma zikimfuata nyuma. Wimbo haukuwa mbaya hata kidogo. Bega la msusi likaanza kucheza bila ruhusa yake.

Jumapili mchana alihitaji ndoo, akaikosa tena. Akaitafuta jikoni, hakuiona. Akatoka uani, na huko nyuma ya mbao za mumewe akasikia mvumo mzito. Akanyata. Filimbi alikuwa amepiga magoti, kichwa chote kimo ndani ya ndoo, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Alikohoa kidogo, akavuta pumzi, akarudia.

"Filimbi!"

Kichwa kikatoka. Macho yalikuwa mekundu, na mishipa ya shingo imesimama.

"Unafanya nini na ndoo yangu?"

"Natengeneza sauti," akasema. "Kokoto aliipata hivi. Kila siku alipiga kelele kwenye ndoo mpaka koo likakomaa. Mama, Fundi Mitambo ameniahidi kunirekodi shule zikifungwa. Na hii sauti yangu ya kitoto nani ataitaka? Ni ya kubembelezea watoto wachanga."

Fundi Mitambo alikuwa jirani yao, mwenye kukodisha vipaza sauti kwa ajili ya sherehe. Chumbani kwake alikuwa na vyombo vya kurekodia nyimbo.

Msusi alitaka kufoka. Lakini lile neno "nani ataitaka" lilimchoma, maana yeye aliitaka sauti ile kila siku ya Mungu. Akaketi juu ya ubao. "Hebu niimbie ule wimbo wako wa zamani."

Filimbi akaanza. Mstari wa kwanza ulipita ukichechemea. Alipofika pale juu, pale ambapo wateja husahau maumivu, mdomo ulifunguka na haikutoka sauti. Akajaribu tena. Ikatoka hewa tupu.

Akajishika koo. "Mama, haitoki."

Roho ya msusi ikamruka.

Kesho yake walikwenda kliniki ya koo. Mhudumu wa pale, mtaalamu wa koo, alikuwa mama mwepesi wa kucheka. Alipitisha kijibomba chembamba chenye taa kwenye pua ya Filimbi, na picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta kando yake. Kijana akasahau woga, akakodoa macho.

"Hizi ndizo nyuzi za sauti," mhudumu akasema. "Ukiongea, zinagongana haraka haraka, ndipo sauti inatoka. Ukilazimisha, zinagongana kwa nguvu mno. Ona hapa. Na hapa."

Kila upande palikuwa na kinundu kidogo.

Msusi akatazama kidole chake, pale kitana kinapomsugua siku zote. "Ni kama sugu hii?"

"Umesema vizuri, mama. Kazi imekusugua kidole, na kelele zimemsugua yeye koo."

Filimbi akauliza, "Sauti yangu itarudi?"

"Vinundu kama hivi mara nyingi hupungua, koo likitunzwa mapema. Ukiendelea na ndoo, hapo siahidi kitu." Akamweleza la kufanya. Anywe maji mara kwa mara. Aongee kidogo, kwa sauti ya kawaida. Asinong'one, maana hata kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo. Asikohoe makusudi ili kulisafisha. Na awe anakuja kwa mwalimu wa sauti hapo kliniki, amfundishe kuvuta pumzi na kuongea bila kujikaza.

"Na asipige kelele. Akitaka kusema na mtu, amwendee. Wenzake pia waambie. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mtu aje tumwone, hata kama hasikii maumivu." Kisha akamgeukia msusi. "Nyumbani kwenu huwa mnaongeaje?"

"Kawaida tu!" msusi akajibu, na watu wote kwenye benchi la nje wakageuka.

Mhudumu akacheka. Msusi naye akacheka, ingawa uso ulimwiva kwa aibu.

Njiani walipita kwa Fundi Mitambo. Chumba chake kilijaa nyaya kila pembe. Filimbi alimwamkia polepole, kisha akauliza, "Mjomba, Kokoto anafanyaje sauti yake?"

Fundi alimpa msusi kipaza sauti. "Mama Filimbi, sema chochote."

"Filimbi! Ndoo!"

Fundi akazungusha vitufe kadhaa, akairudisha sauti ile. Kutoka kwenye spika likanguruma jitu la mawe: "Filimbi! Ndoo!" Msusi alicheka mpaka akakalia spika. Filimbi alitaka kucheka, akakumbuka koo lake, akabaki anatikisika mabega.

"Studio wanachofanya hasa na Kokoto mimi sikijui," fundi akasema. "Kuna watu wamezaliwa na sauti nzito. Lakini niliwahi kumfungia vipaza sauti kwenye sherehe. Alipoomba maji ya kunywa, aliongea kama mimi na wewe."

"Na habari ya ndoo?"

"Nani alikwambia habari ya ndoo?"

"Niliiona kwenye simu."

"Kokoto mwenyewe aliisema?"

"Hapana. Kuna mtu alikuwa anaeleza."

"Unamjua mtu huyo? Amewahi kukutana na Kokoto?"

Filimbi akakuna kichwa. Hakuwa amejiuliza. Wala hakuwepo mwenzake hata mmoja aliyejiuliza.

"Ungeuliza hayo kwanza, kabla ya kuingiza kichwa kwenye ndoo," fundi akasema.

"Kwa hiyo niache kumsikiliza?"

"Kwa nini uache? Mimi mwenyewe nampenda. Sikiliza anavyopanga maneno. Sikiliza anavyonyamaza kidogo kabla ya kiitikio, mpaka watu wanamsubiri. Hayo jifunze. Koo lake mwachie mwenyewe."

Basi nyumba ile ikaanza maisha mapya, na mwanzo walichoka kweli. Redio ilishushwa. Seremala alizima mashine, akapangusa vumbi, akatembea mpaka jikoni ili tu aulize chumvi iko wapi. Msusi alitoka chumba cha mbele na kitana mkononi kwenda kumwita mwanawe. Polepole wakaona jambo ambalo hawakulitegemea. Ukimfuata mtu ili umuulize chumvi, unaona na uso wake pia. Msusi akajua siku ambayo Filimbi amerudi na huzuni, jambo ambalo asingelijua akiwa anaita kutoka mbali.

Filimbi aliwaeleza wenzake yote, hata habari ya kijibomba cha puani, ambayo aliitia chumvi kidogo. Wale ndugu wawili wakaenda kliniki. Wakakutwa makoo yamevimba tu, wakaambiwa wayapumzishe.

Sauti ya Filimbi ilirudi kidogo kidogo. Haikuwa ile ile, maana seremala naye alikuwa amesema kweli: kijana alikuwa anakua kweli. Ilikuwa imeshuka kidogo, lakini ilikuwa safi. Mhudumu alipoona vinundu vimekwisha, alimruhusu kuimba, na Fundi Mitambo akatimiza ahadi. Kwenye wimbo ule Filimbi alinyamaza kidogo kabla ya kiitikio. Wenzake waliousikia waliuomba tena na tena.

Asubuhi moja msusi alikuwa na mteja aliyejaa povu. Akafungua mdomo aite ndoo, akaufumba, akatoka uani. Filimbi alikuwa anachota maji huku akiimba, amekaribia pale juu. Msusi akasimama nyuma yake. Sauti ikapanda, ikapita pale, ikashuka salama.

Filimbi akageuka, akamwona anafuta machozi kwa kiwiko. "Mama, unataka ndoo?"

"Nataka," akasema. "Lakini malizia kwanza."

Kutoka ndani mteja akapiga ukelele, "Jamani! Povu linaniingia machoni!"

Mama na mwana wakafungua midomo kuitikia kwa pamoja. Wakatazamana, wakaifumba. Kisha wakaishika ndoo, huyu huku na huyu kule, wakamwendea.