Pete ya Shanga na Kuku Aliyesingiziwa

Kila jioni Akuac alifagia ua wao pale mtaani Hai Jalaba, akawafungia kuku, ndipo akafungua daftari. Alhamisi ile ufagio haukuguswa. Kesho yake wazazi wangefika shuleni, na Mwalimu Robinson alikuwa amemchagua yeye aeleze habari za peptidi.

Mwalimu alikwisha kuifafanua. Katika baadhi ya magonjwa, protini mbili hushikana pasipofaa, moja ikiingia katika kishimo cha nyingine. Peptidi ni mnyororo mfupi wa chembe ziitwazo asidi amino. Wanasayansi huunganisha ncha zake ikawa pete, pete ikaketi kishimoni, na protini ya pili ikija inakuta kiti kimekaliwa. Tena pete haina ncha, hivyo vimeng'enya vinavyotafuna mnyororo kuanzia nchani havipati pa kuanzia.

Akuac alishafinyanga protini mbili za udongo. Alikosa shanga nane tu za kuundia pete. Shanga zilikuwepo, ila kwenye mkufu ambao shangazi yake, Adit, aliutunga mwezi mzima auvae harusini Jumamosi. Kuomba aliona haya, kukata akaona rahisi. Uzi ulipokatika, shanga zote zilitapakaa uani, na kuku wakazikimbilia wakidhani ni mtama.

Shangazi alitokea mlangoni. Akuac, bila haya, akamsingizia kuku mwekundu kwamba ndiye aliyeukata mkufu. Shangazi aliutazama uzi, akamtazama kuku, kisha mkasi mkononi mwa Akuac.

"Huyu kuku alijua kutumia makasi lini?" aliuliza taratibu. "Na mbona amekuachia wewe umshikie?"

Akuac aliuweka mkasi chini. "Ni mimi, Anti. Nilikata," alisema, akalia kwa aibu, akaeleza habari za pete, akaungama hata habari za ufagio.

Waliokota shanga pamoja, zikapungua mbili tu. Kuku mwekundu alikuwa amezimeza. Shangazi alitunga nane ziwe pete, akamfundisha Akuac kulificha fundo ndani ya ushanga.

Ijumaa pete iliketi kishimoni sawasawa. Akuac alisukuma protini ya pili mara tatu, ikagoma kuingia, na wazazi wakapiga makofi. Njiani kurudi, shangazi, aliyekuwa amekuja kumtazama, alimshika mkono.

"Uongo uko na ncha, mtoto wangu. Mtu akiivuta, wote unafumuka. Ukweli ni kama hii pete yako, hakuna mahali pa kuanza kuutafuna." Akaongeza mwendo. "Sasa tembea haraka. Harusi ni kesho, shanga zangu mbili bado ziko kwa kuku, na wewe ndiye utamfuata nyuma mpaka azitoe."