Msomee Mkeo

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ni nani?"

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, karatasi ya kliniki mkononi. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama kawaida. Kazini kila mtu humwita Wino, hata bosi.

"Hakuna mtu," nilisema.

"Karatasi inasema una virusi. Virusi vya kitandani. Mimi sijawahi kuwa na mwanamke ila wewe, na hilo unalijua. Sasa vimepitia dirishani?"

"Muuguzi amesema ni vya kawaida. Amesema watu wazima wengi..."

"Mimi sikuoa watu wazima wengi. Nimekuoa wewe."

Nikipandishiwa sauti, maneno hunikauka mdomoni. Muuguzi alinieleza taratibu, robo saa nzima, nikaelewa yote. Mbele ya mume wangu nikabaki na nusu sentensi.

"Ni yule wa chuoni," akasema. "Yule mliyetaka kuoana."

"Huyo nilikuambia mwenyewe kabla hujaniposa. Sijamwona tena tangu..."

"Jumamosi ya wiki ijayo mama anakuja na baba mdogo. Tutakaa kikao. Utawaeleza wao, na wao wataamua kama unabaki au unarudi kwenu."

Akachukua mto wake akahamia sebuleni.

Hakuna upweke kama wa kumsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta na usiweze kumuuliza kama amekunywa maji. Tunafanya kazi karakana moja ya uchapaji, yeye kwenye mtambo, mimi mezani nikisoma prufu, zile karatasi za majaribio kabla kazi haijachapwa. Asubuhi tulikwenda kwa njia moja, yeye akiwa hatua ishirini mbele. Jioni nilimwandikia ujumbe nikiwa chumbani naye yuko sebuleni:

"Chakula kipo mezani."

"Nimeshakula."

Nilimpigia dada yangu.

"Dada, naogopa hicho kikao."

"Waambie ukweli."

"Ukweli ninao. Sauti ndiyo sina."

"Basi rudi nyumbani, mdogo wangu. Chumba chako kipo."

"Nampenda, dada."

"Ah. Hapo sasa mimi sina dawa."

Ikafika Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao.

Pale karakanani kazi haichapwi mpaka isomwe na watu wawili. Mmoja husoma kwa sauti nakala ya mteja, kila neno, kila nukta na kila mkato. Wa pili hufuata kwenye prufu kwa penseli, na kila sentensi ikiwa salama anajibu "sawa". Mwenzangu wa kusomeana ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Siku hiyo alikuwa amekuja na shavu limevimba, ameng'olewa jino, hata salamu anatoa kwa mkono.

Bosi wetu, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akatoka ofisini.

"Kazi ya kliniki inachukuliwa saa nane! Mwalimu hana mdomo leo. Wino! Zima mtambo, ukae pale umsomee mkeo."

Mume wangu akafuta mikono kwa kitambaa, polepole sana.

"Bosi, mimi mtu wa mtambo. Naangalia rangi. Maneno siyajui."

"Kusoma unajua?"

"Najua."

"Nukta unaijua?"

"Naijua."

"Basi mengine mtajuana. Mnalala nyumba moja, mtashindwaje na kikaratasi kimoja?"

Fundi wa kukata karatasi akacheka. Sisi hatukucheka.

Chumba cha kusomea ni kidogo: kioo upande mmoja, meza moja, viti viwili. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Akavuta yake nyuma, akaanza.

"Kichwa cha habari. Virusi vya papiloma, mabano, HPV, funga mabano. Mambo ambayo kila mtu mzima..." Akaniangalia. "Ulijua ni kazi hii?"

"Sikujua. Soma."

"Virusi hivi ni vya kawaida sana, nukta. Watu wazima wengi waliowahi kujamiiana, mkato, wanawake kwa wanaume, mkato, huvipata angalau mara moja maishani, mkato, na wengi hawajui kamwe, nukta."

"Sawa," nilisema, maana ndiyo kanuni.

"Mara nyingi havina dalili, nukta. Kwa watu wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, nukta."

"Sawa."

"Vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, nukta. Kwa sababu hiyo majibu ya kipimo hayaonyeshi..." Sauti ikadidimia.

"Sijasikia," nilisema. "Rudia."

"Hayaonyeshi vilipatikana lini, mkato, wala kwa nani, nukta." Jasho lilimtoka puani. "Kuwa na virusi hivi si ushahidi kwamba mwenzi wako si mwaminifu. Nukta."

Nilitaka kusema "sawa". Haikutoka. Nikagonga meza kwa penseli, aendelee.

"Hata mtu ambaye amekuwa na mwenzi mmoja tu maishani, mkato, anaweza kuvipata, mkato, ikiwa mwenzi huyo aliwahi kuwa na mtu mwingine hapo nyuma."

Akaishia hapo. Nje ya kioo watu walikuwa wakifunga mabunda.

"Mwishoni kuna nukta?" niliuliza.

"Ipo." Akaweka karatasi chini. "Mke wangu."

Hakuwa ameniita hivyo kwa siku kumi na moja.

"Nilikuwa na mtu kabla yako," akasema. "Miaka miwili nilikaa naye. Nikakuficha."

"Nilikuuliza. Ukaniambia hakuna."

"Ulikuja kuniambia habari za yule wa chuoni, unatetemeka, huwezi hata kuniangalia. Nikajiona mimi ndiye msafi. Nilipenda nilivyoonekana machoni pako. Baadaye uongo ukaota mizizi, nikashindwa kuung'oa. Karatasi ya kliniki ilipokuja, nilijua. Ndani ya moyo nilijua inaweza kuwa mimi. Nikaona heri uwe wewe."

Machozi yalidondokea kwenye prufu. Nikayafuta kwa kiganja, kazi ya watu ile.

"Siku kumi na moja nimekula peke yangu," nilisema.

"Najua. Hata mimi..."

"Hujui. Wewe ulikuwa na hasira, na hasira nayo ni mtu wa kukaa naye. Mimi sikuwa na kitu."

Akainamisha kichwa.

"Basi mimi ndiye niliyekuletea."

"Labda. Labda nilikuja navyo mimi. Labda tunavyo wote. Hakuna anayejua, umesoma mwenyewe. Mimi sitaki kujua ni nani. Nataka Jumamosi usininyooshee kidole mbele ya mama yako."

Bosi akagonga kioo. "Mmemaliza? Au mnatunga kitabu?"

"Bado aya moja!" nilijibu, kwa sauti kubwa mpaka mwenyewe nikashtuka.

Aya yenyewe ilihusu chanjo kwa wasichana, na wanawake kwenda kupimwa kabla virusi visivyotoka havijaleta saratani ya mlango wa kizazi. Aliisoma vizuri, bila kuruka hata mkato. Nikasema sawa.

Saa ya mapumziko tukatoka uani, kwenye magunia ya vipande vya karatasi. Akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Mama, kikao hakuna."

"Amekiri?"

"Mimi ndiye ninayekiri. Kabla yake nilikuwa na mwanamke, nikamdanganya kwamba hakuna. Na virusi vyenyewe, mama, karibu kila mtu mzima hukutana navyo. Havisemi vimetoka kwa nani."

"Nani amekuambia hayo?"

"Nimesoma."

"Wewe? Umesoma?"

"Mama!"

Kisha mama mkwe akauliza, "Mkeo yuko karibu?"

"Yupo."

"Mpe simu. Na uondoe hiyo sauti kubwa. Nataka kusema na mwanangu."

Niliiweka sikioni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekukosea, mwanangu. Nilishayapanga maneno ya kukuambia Jumamosi. Makali." Akapumua. "Hicho kipimo kinauma?"

"Hakiumi sana, mama. Dakika chache tu."

"Baba yenu alipofariki nilikuwa na miaka arobaini. Nikafunga huo mlango wa wanaume. Miaka kumi na tatu sasa, hata daktari sijamwonyesha mwili wangu. Na mimi naweza kuwa navyo?"

"Inawezekana, mama. Huweza kukaa kimya miaka mingi. Ndiyo maana wanapima."

"Nilishawahi kufika mpaka getini pa kliniki," akasema. "Nikageuza. Kila mwanamke alikuwa na mtu wake wa kumsindikiza."

Mume wangu alikuwa ameketi juu ya gunia, ananiangalia midomo, hasikii kitu.

"Njoo Jumamosi kama ulivyopanga," nilimwambia mama. "Baba mdogo abaki. Jumatatu tutakwenda, mimi na wewe."

"Usimwambie huyo."

"Sitamwambia."

Nikarudisha simu.

"Amesema nini?" mume wangu akauliza.

"Anakuja Jumamosi."

"Kufanya nini, na kikao hakuna?"

"Kunitembelea mimi," nilisema.